Bushi za Siku Hizi

8 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imeingia leo bila hodi. Nilikuwa nimelala chini ya pikapu ya mteja, Baba anasafisha kabureta, na Kaka alikuwa amekuja gereji kuchukua ufunguo wa nyumba. Baba akasema bila kuinua kichwa, "Mwambie kaka yako baiskeli yake inalowa." Kaka alikuwa amesimama hapo hapo, angenyoosha mkono angemgusa bega. Nikamwambia. Kaka akajibu, "Mwambie Baba ahsante." Nikamwambia Baba ahsante.

Karibu mwaka mzima sasa mimi ndiye simu ya familia hii, na simu nayo huchoka. Nimenunua daftari ili pawe na mahali pa kusema maneno yangu mwenyewe, si ya watu wawili wenye vichwa vya nyundo.

9 Machi

Mvua. Pikapu imeondoka.

12 Machi

Niliandike jambo lenyewe, maana likizidi kunikaa kifuani nitapasuka.

Baba ana gari la michezo la viti viwili, la zamani kuliko mimi, limekaa chini kiasi kwamba ukiingia unahisi umekalia barabara. Mama huliita "mke mwenza". Baba alilipata likiwa mifupa mitupu, akalifufua jioni baada ya jioni kwa miaka. Mwaka jana, msimu kama huu, alimpa Kaka akamchukue Mama kwa shangazi. Kwenye kona ya tangi la maji, ile inayokunja kulia, mkia wa gari ulizunguka, gari likageuka lilikotoka na kugonga ukuta wa kalavati. Kaka alivunjika mguu.

Kaka alikuwa dereva wa gari la mikate. Si dereva wa fujo. Kina mama wa mtaa walikuwa wakimpa watoto wao awafikishe shule. Hospitalini alisema, "Niliachia pedali ya mafuta kidogo tu, mkia ukageuka wenyewe." Baba alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Akamjibu, "Mkia haugeuki wenyewe. Hugeuzwa na mguu wa mpumbavu." Tangu siku hiyo hajamsemesha tena.

Maneno ya fundi mkubwa hutembea. Mtaa mzima unajua Baba hakosei, kwa hiyo mtaa mzima ukajua Kaka ni mwendawazimu wa mwendo, na gari la mikate likapata dereva mwingine. Sasa amepata kazi ya kuhesabu magunia ghalani, mji wa mbali, anaondoka mwisho wa Mei. Mama ananiambia kila siku, "Akiondoka na doa hili, harudi." Namjua kaka yangu. Harudi.

Na mimi? Nampenda, lakini nilimwamini Baba. Chuma hakisemi uongo, na chuma Baba anakijua.

15 Machi

Baba ametangaza wakati wa chakula. Gari litengenezwe sasa, bodi imekwisha kunyooshwa, bado nyuma. Likiwa tayari atangoja mvua nzito ya mwisho wa msimu, apite kona ya tangi yeye mwenyewe, mwendo ule ule, aachie mafuta pale pale. "Nitapita kama mtu anayekwenda dukani," akasema. "Watu waone kama ni gari au ni mguu."

Kaka aliinuka na sahani yake akaenda kula jikoni.

Mama akasema, "Mwenzangu, mtoto ameshavunjika mara moja. Unataka kumvunja mara ya pili?" Baba akaomba chumvi.

16 Machi

Mvua tangu asubuhi. Sijalala vizuri.

21 Machi

Tumeshusha vyuma vyote vya nyuma. Leo nilikuwa na raha kidogo, maana kazi hii naipenda hata nikiwa nimenuna.

Ekseli ya gari lile ni bomba moja zito, gurudumu huku na gurudumu huku. Springi zinabeba uzito tu, hazijui kuongoza. Kinachoongoza ni vyuma. Vinne virefu vinatoka kwenye bodi kwenda nyuma kuishika ekseli, viwili chini, viwili juu, ili ipande na kushuka lakini isiende mbele wala nyuma. Hivyo tunaviita vya kuvuta. Cha tano kimelala kwa kukingama, ncha moja imefungwa kwenye bodi upande wa kulia, nyingine kwenye ekseli upande wa kushoto, kuizuia isiyumbe pembeni.

Hicho cha tano Baba alinifundisha nikiwa mdogo kwa kutumia mlango wa stoo. Alinishikisha ukingo wake akasema, "Fungua mlango huu kwa kwenda moja kwa moja." Haiwezekani, mlango huchora duara. Na chuma cha kukingama vivyo hivyo: ekseli ikipanda, kinaisogeza pembeni kidogo. Ndiyo maana gari la namna hii halikunji kulia kama linavyokunja kushoto, na anayeliendesha lazima alijue tabia. "Halina kosa," alikuwa akisema Baba. "Lina tabia." Kwa gari alikuwa na subira hiyo.

Kila ncha ya chuma ina bushi, yaani pete ya mpira yenye bomba dogo katikati. Bolti hupita kwenye bomba na kulibana lisisogee. Mpira hautelezi, unajisokota na kujisokotoa, kama unavyokamua kitambaa. Bushi za zamani zimechanika, ya kushoto chini vibaya zaidi. Baba akaiangalia akaitupa kwenye kopo la chuma chakavu. "Ajali," akasema.

27 Machi

Yule mwenye gari jeupe la familia amerudi tena na mlio wa nyuma. Bushi tulizomtia juzi juzi zimeisha. Baba akazishika kama mtu aliyepewa samaki aliyeoza. "Bushi za siku hizi ni karatasi."

Anasema hivyo tangu tuhamie hapa.

2 Aprili

Maji yameingia gereji, tumefanya kazi tukiwa na viatu vya mpira. Baba siku kama hizi hulilia gereji ya zamani, ile iliyovunjwa barabara ilipopanuliwa. Kule kulikuwa na shimo. Gari linapita juu, fundi anashuka ngazi, anafanya kazi amesimama kama binadamu. Hapa mwenye nyumba hataki sakafu yake iguswe, kwa hiyo kila kitu ni jeki na stendi na kulala chali.

"Shimo lilinipa adabu," Baba akasema. "Hapa ninafanya kazi kama mjusi."

11 Aprili

Bushi mpya zimeingia. Baba mwenyewe akakaza bolti zote, gari likiwa juu ya stendi, miguu yake mirefu imetokeza chini ya gari. Hakuniachia hata moja. Utaratibu wake ni ule ule siku zote: kaza zote, futa mikono, ndipo sema "tayari". Tukalishusha. Nyuma likakaa juu juu, kama mtu aliyekalia kiti asichokiamini.

"Linaringa," nikasema.

"Bushi mpya. Zitalala."

12 Aprili

Hazijalala.

19 Aprili

Kaka ameanza kupanga vitu. Nimemkuta akiwa amekalia kitanda, ule mguu ameunyoosha, baridi inamsumbua. Nikamuuliza kitu ambacho, Mungu anisamehe, sijawahi kumuuliza. "Ulikuwa unakwenda mwendo gani?"

Akajibu, "Wa kawaida. Nilikuwa namfuata Mama, si kombe."

"Na mkia ulianzaje?"

"Nilipoachia mafuta tu. Kama mtu amelivuta gurudumu la nyuma kushoto kwa kamba." Kisha akasema, "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza. Wengine wote waliniambia."

Niliona haya hadi masikioni.

25 Aprili

Baba amelitoa gari, akazunguka mitaa ya karibu. Amerudi anatabasamu. Kushoto nyuma nimesikia mlio mdogo.

1 Mei

Mlio umekua. Baba hausikii, au hataki.

4 Mei

Nimelala chini na tochi. Bushi ya kushoto chini imeanza kuchanika ukingoni. Mpya kabisa. Nikaenda kwenye kopo la chuma chakavu, nikaifukua ile ya zamani, nikaziweka mkabala. Zimechanika pale pale. Ile ya kwanza tulisema ni ajali. Hii haijapata ajali yoyote, imezunguka mtaa tu.

Ningekuwa Baba ningesema karatasi. Lakini mchaniko unafuata msokoto, na msokoto lazima utoke mahali. Nimezunguka gereji nzima nikishika vitu na kuviweka. Cheche, jirani yetu mchomeleaji, akaniuliza kama nimeng'atwa na kitu.

9 Mei

Nimeujua ugonjwa wa gari. Afadhali nisingeujua.

Baba alikuwa amekwenda kununua vipuri. Nililiinua gari juu ya stendi, magurudumu yakaning'inia. Nikachora mstari mmoja wa chaki, kutoka kwenye bodi, ukapita juu ya mpira wa bushi hadi kwenye chuma cha kuvuta. Ulikuwa umenyooka kama rula. Kisha nikaenda kwa Cheche kuazima njia zake mbili za mbao nene, zile anazopandishia matrekta. Gari likapanda, likakaa kwa magurudumu yote manne, nami nikapata nafasi ya kujipenyeza chini likiwa limebeba uzito wake lenyewe.

Mstari umekatika. Kipande cha bodi huku, kipande cha chuma kule, na katikati chaki imepinda juu ya mpira uliojisokota. Gari limesimama tu, halijaenda hata dukani, na tayari mpira unakamuliwa. Unakamuliwa mchana na usiku hadi unachanika. Ukichanika, upande ule wa ekseli unakosa wa kuushika: ukiachia mafuta konani, gurudumu la kushoto linarudi nyuma, ekseli nzima inakaa upogo, na mkia unakwenda wenyewe. Kama mtu amelivuta kwa kamba.

Bolti zile zinatakiwa zikazwe gari likiwa limekaa chini. Baba hukaza likiwa linaning'inia.

Hapo nikajiuliza, mbona miaka yote kule hazikuchanika? Nikakumbuka shimo. Juu ya shimo gari hukaa kwa magurudumu yake, fundi akikaza, amekaza sawasawa, apende asipende. Baba hakuwahi kuijua sheria hii kwa sababu shimo lilikuwa likiifuata kwa niaba yake. Tulipohama aliuchukua utaratibu wake wote kama ulivyo, akaacha shimo. Na gari lake lilikuwa la kwanza kutiwa bushi katika gereji hii, kabla ya ajali ya Kaka.

Nimekaa juu ya tairi nikalia. Si kwa huzuni tu. Nilikuwa na hasira pia.

10 Mei

Sikula.

11 Mei

Hivi ndivyo nilivyobanwa. Kurekebisha ni kazi ndogo mno: tia bushi nyingine, liweke kwenye mbao, legeza, acha likae, kaza. Naweza kuifanya Baba akiwa kwenye chai. Lakini nikifanya hivyo, siku ya mvua atapita kona ya tangi kama mtu anayekwenda dukani, mtaa utapiga makofi, na Kaka atakuwa mwendawazimu mpaka kaburini. Nisipofanya, Baba atapita na bushi iliyochanika, na ukuta wa kalavati bado upo pale pale.

Mwili wangu hautulii. Nimefagia gereji mara tatu leo.

14 Mei

Nimemwambia. Nilipiga moyo konde, nikamwambia polepole, kwa heshima, kama unavyompa mtu uji wa moto.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nakaza bushi mama yako bado hajanijua."

"Najua, Baba. Njoo tu uangalie chaki."

"Kwa hiyo kaka yako amekutuma."

"Kaka hajui lolote."

"Mwambie kaka yako akitaka kusema na mimi, aje mwenyewe, asitume wanawake."

Nikamwambia kwamba nimechoka kumwambia kaka yangu. Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa baba yangu. Akaondoka.

15 Mei

Leo asubuhi Baba amemwambia Mama, "Mwambie binti yako anipitishie sukari." Sasa Mama ndiye simu. Ameweka kijiko chini akacheka mpaka akafuta machozi, na sidhani yote yalikuwa ya kicheko.

20 Mei

Jua. Baba anatazama mbingu kama mkulima.

23 Mei

Jua tena. Gari lipo uani limefunikwa turubai. Kila mara nikilipita naliona linaringa.

25 Mei

Mawingu. Kaka amekata tiketi, anaondoka Jumapili. Redio inasema mvua kubwa Jumamosi. Baba amepaka viatu rangi.

Namtazama siku hizi na ninaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Nilidhani ni kiburi. Usiku huamka na kwenda kusimama dirishani, na Mama anasema amekuwa akifanya hivyo tangu siku ya ajali. Mtu mwenye uhakika hulala. Nafikiri anaiogopa ile kona kuliko sisi wote, na anataka kupita ili jambo liishe. Kama si mguu wa mwanawe, basi ni nini? Hakuna kitu kingine kilicholigusa gari lile isipokuwa yeye.

28 Mei

Yule mwenye gari jeupe amerudi. Mara ya tatu. Baba amezitoa bushi, amezitazama, amefungua kinywa kusema karatasi, na hakusema.

Nikaona ni sasa. Sikuleta habari ya chaki. Nilikaa karibu yake juu ya ndoo nikamuuliza kama mwanafunzi, "Baba, kule kwenye shimo, bolti za vyuma vya kuvuta ulikuwa unakaza lini?"

"Mwisho. Kama siku zote."

"Gari likiwa wapi?"

"Juu ya shimo. Wapi tena?"

"Magurudumu yakiwa wapi?"

Akafungua kinywa. Mkono uliokuwa unaizungusha bushi ukasimama. Nilimwona akishuka zile ngazi kichwani mwake, akisimama gizani, akiinua macho.

"Chini," akasema.

Sikumuuliza habari ya hapa. Alitazama stendi zilizopangwa ukutani, akazitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Lete chaki yako."

Alilala chini ya gari lake mpaka nikaanza kuogopa. Alipotoka, vumbi la chaki lilikuwa kwenye vidole na kwenye paji la uso. Alikuwa mzee kuliko asubuhi. Alisema, "Nimemvunja mguu mwanangu," akasimama kama mtu asiyejua mlango uko wapi.

29 Mei

Baba hakuja kazini. Mama anasema amekwenda mlangoni pa Kaka mara mbili, akarudi bila kugonga. Mazoea yana taabu, hata ya kununa.

Bushi mpya nimezitia, bolti nimezishikiza kwa vidole tu, sijakaza. Gari lipo juu ya mbao.

30 Mei, Jumamosi

Mvua imeanza alfajiri, ile ile aliyokuwa akiingoja, kubwa, inayopiga bati hadi mtu asisikie jina lake.

Baba alikuja gereji mapema. Akalizunguka gari, akalibonyeza nyuma, akasema, "Halijakaa bado. Barabarani linabeba watu. Kukaza vizuri, wawepo watu ndani." Nikamwambia, sawa, panda. Akatikisa kichwa. "Wawili."

Nikajua. Nikangoja aniambie, "Mwambie kaka yako." Kinywa kilikuwa kimeshaanza kulitengeneza neno. Lakini akachukua mwavuli, akatoka mwenyewe mvuani.

Sijui alisema nini kule. Walirudi wote wawili wamelowa, mwavuli umefungwa. Cheche alikuwa amejikinga mvua mlangoni petu, akashangaa akasahau kusalimia. Kaka alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha abiria, Baba akamgusa kiwiko. "Hapana. Kaa kwenye usukani, mahali pako." Kisha akamgeukia Cheche, sauti ya kutosha kwa mtaa. "Wakikuuliza, waambie ule mkia haukugeuzwa na mguu wa mtu. Uligeuzwa na mkono. Huu hapa." Akauinua, wenye grisi ya miaka yote. Cheche hana siri hata ya dakika moja, na Baba anamjua.

Wakaingia. Gari likashuka kidogo, likatulia. Nikajipenyeza chini na spana. Nikachora mstari mpya wa chaki, umenyooka.

Nilikaza bolti ya kwanza. Ya pili. Bati la sakafu ni jembamba, nilikuwa nasikia hata pumzi zao. Nilikuwa kwenye ya tatu Baba alipokohoa.

"Siku ile," akasema, "mafuta uliachia wapi?"

Kaka akajibu, "Baada ya nguzo. Kabla ya tangi."

"Mwendo?"

"Wa kumfuata Mama."

"Ukasikia nini kwanza?"

Kaka akaanza kumweleza. Alieleza polepole, tangu kwenye nguzo, na Baba akawa anauliza, na usukani uliukata mapema, na breki uligusa, na uliogopa? Kaka akasema niliogopa sana, Baba. Nikasikia Baba akisema, "Nisamehe, mwanangu," na sauti yake ilikuwa ndogo, mvua karibu iifunike. Kisha kiti kikalia, kama mtu amemwelekea mwenzake.

"Bado?" Baba akaniuliza baadaye, akigonga sakafu kwa kisigino.

"Bado kidogo, Baba," nikasema. "Msishuke."

Nati ya mwisho ilikuwa imekazwa zamani. Nikailegeza, nikaanza upya.